Mvuvi na Dhoruba ya Ghafla katika Historia ya Pwani Yetu

Miongoni mwa vitabu vya kale vinavyoieleza pwani ya Afrika Mashariki, hakuna kinachotajwa na wanahistoria mara nyingi zaidi ya kile kiitwacho Periplus, yaani mwongozo wa safari za bahari, kilichoandikwa kwa Kiyunani katika karne ya 1 na mtu ambaye jina lake halikuhifadhiwa. Mwandishi huyo ataja kisiwa kimoja akikiita Menuthias. Wataalamu wengine husema ni Unguja, wengine Pemba, wengine Mafia; mabishano hayo hayatuhusu hapa. Linalotuhusu ni kwamba, alipotaka kueleza maisha ya watu wa kisiwa hicho, alitaja vyombo vilivyoshonwa kwa kamba na mitumbwi iliyochongwa kwa gogo moja, ambayo wenyeji waliitumia kuvulia samaki na kukamatia kasa. Kisha akaongeza kwamba walikuwa na desturi yao ya kutega kwa vikapu vilivyosukwa, wakivifunga katika vilango vya maji baina ya miamba. Mtu yeyote aliyekulia pwani atayatambua hapo madema ya babu zake.

Mvuvi, basi, yumo katika ukurasa wa kwanza wa historia yetu iliyoandikwa. La kushangaza ni kwamba katika kurasa zinazofuata karibu anatoweka. Twasoma habari za majumba ya mawe ya Kilwa, mizinga ya Wareno, misafara ya pembe za ndovu, masultani na mabalozi. Mtu aliyewapatia wote hao kitoweo hatumwoni, wala hatusikii alikufaje. Na wengi wa wavuvi walikufa kwa namna moja: walitoka alfajiri bahari ikiwa imetulia, dhoruba ikawakuta nje, wasirudi.

Tuchukue mfano mmoja. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kikubwa kiliipiga Unguja. Sultani Barghash bin Said alikuwa hajatimiza miaka miwili katika kiti chake. Merikebu zake karibu zote zilivunjika au zilizama; minazi iling'oka; na mikarafuu, iliyokuwa mhimili wa utajiri wa wenye mashamba, iliangamia kiasi cha theluthi mbili katika kisiwa hicho. Pemba ilisalimika kwa sehemu kubwa, na tangu hapo ikawa ndiyo nchi ya karafuu hasa. Mambo hayo mwanafunzi huyasoma, kwa sababu merikebu zilikuwa na mwenyewe mwenye jina, na karafuu ilikuwa na bei katika masoko ya dunia. Lakini Aprili ni mwezi wa uvuvi kama miezi mingine. Walikuwapo watu wenye ngalawa na mitumbwi, waungwana maskini na watumwa waliovua kwa ajili ya mabwana wao, waliokuwa wakiitegemea bahari ile ile. Masimulizi yanayonukuliwa mara kwa mara juu ya siku ile husema habari za merikebu, nyumba na mashamba; ngalawa hupita bila hesabu.

Kwa hiyo anayetaka kuijua historia ya mvuvi na dhoruba hana budi kutafuta kumbukumbu zake nje ya makabati ya nyaraka. Pa kuanzia ni lugha yenyewe. Neno dhoruba, ambalo wengine hulitamka dharuba, asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni pigo. Waliolichukua neno hilo na kuliweka juu ya upepo walijua walichokuwa wakisema: upepo wa namna hiyo hauvumi, hupiga. Tufani nalo limetoka huko huko, na ndani yake mna sauti ya gharika. Kimbunga na chamchela ni maneno ya upepo unaozunguka. Tena yako maneno mengi ambayo leo twayatumia nchi kavu, ofisini na sokoni, bila kukumbuka yalikotoka. Tukisema mambo yamekwenda mrama, twasema habari ya chombo kinacholalia ubavu huu na ubavu huu kwa sababu ya mawimbi. Tukisema mtu amekwenda arijojo, twamfananisha na kitu kilichokatikiwa kamba, kikachukuliwa na upepo usikojulikana. Na tukiulizana hali tukajibu kwamba mambo ni shwari, twaisifu bahari iliyolala.

Hapo kwenye shwari mvuvi angetucheka kidogo. Kwake yeye si kila shwari ni njema. Iko shwari inayokuja ghafla, katikati ya mchana wenye upepo, tanga likalegea, maji yakawa kama mafuta. Na hiyo ndiyo mojawapo ya dalili mbaya kuliko zote. Watu wa mjini wameichukua nusu ya neno, wakaiacha nusu nyingine baharini.

Ili kuifahamu nusu hiyo yafaa tukumbuke jinsi pepo za pwani yetu zinavyopangika. Kaskazi huvuma tangu mwezi wa Desemba hivi hadi Machi. Kusi hushika tangu Aprili au Mei, hupamba moto mwezi wa Juni na Julai, kisha hupoa kidogo kidogo hata Septemba na Oktoba. Kati ya pepo hizo mbili kuna vipindi vya mpito ambavyo mabaharia huviita maleleji au tanga mbili, kwa kuwa chombo chaweza kutweka kwenda upande huu ama ule. Mbali na hizo kubwa kuna pepo za kila siku: upepo wa nchi kavu wa alfajiri, ambao wengi huuita umande, na upepo wa kutoka baharini unaoamka jua likishapanda. Maisha ya mvuvi wa Mrima yalijengwa juu ya pepo hizi ndogo. Umande ulimtoa, upepo wa bahari ukamrudisha, naye akalipa nguvu za mikono tu pale upepo ulipokosekana.

Katika kusi kali mvuvi hashangazwi na chochote. Bahari ni mbaya na kila mtu aiona kuwa ni mbaya. Vyombo vikubwa vya zamani havikutoka wakati huo, na wazee walisema bahari imefungwa. Anayetoka hubaki ndani ya miamba. Hatari ya ghafla ni ya maleleji na ya masika, wakati upepo hauna bwana mmoja na mawingu ya mvua hupanda juu kama minara. Sayansi ya leo yaeleza kwamba mvua nzito inapoanza kuanguka ndani ya wingu la namna hiyo, huuburuta pamoja nayo upepo wa baridi kutoka juu. Upepo huo ukifika kwenye maji hauna pa kwenda ila kutawanyika pande zote, ukitangulia mvua. Ndiyo sababu pumzi ya baridi humfikia mtu kabla ya tone la kwanza. Mvuvi hakujua habari za hewa ya juu, lakini utaratibu aliujua sawasawa: upepo kufa, maji kulala, weusi kuinuka upande mmoja wa anga, baridi, kisha pigo. Tangu baridi hadi pigo huenda zikapita dakika chache tu.

Siku zenyewe za mwaka walikuwa na hesabu nayo. Kalenda ya Kiislamu yafuata mwezi, nayo hupungukiwa siku 10 au 11 kila mwaka, hivyo haifai kumwambia mtu lini kusi litaamka. Kwa kazi hiyo pwani ilitumia mwaka wa jua unaoanzia Nairuzi, neno la Kiajemi lenye maana ya siku mpya. Mwaka huo wa siku 365 uligawanywa katika miongo, yaani makumi ya siku: miongo 36, na siku 5 za ziada. Mkulima aliulizia mwongo wa kupanda, nahodha akaulizia mwongo wa kusafiri, na mvuvi akajua ni katika miongo ipi asiliamini anga jeupe. Sherehe ya Mwaka Kogwa ya Makunduchi, inayofanyika mwezi wa Julai, wengi wetu twaijua kwa mapigano yake ya migomba na kibanda kinachochomwa moto. Wachache hukumbuka kwamba chini ya sherehe hiyo ilikuwapo hesabu ya kazi. Nayo hesabu ilikuwa na upungufu. Kwa kuwa haikuongeza siku moja kila mwaka wa nne, ilijongea taratibu, na anayeitegemea bila kutazama bahari angeweza kujikuta nyuma kwa majuma kadhaa baada ya vizazi vichache.

Sasa tukitazame chombo. Ngalawa ni mtumbwi wa gogo moja, mara nyingi la mwembe, wenye marengu mawili, moja kila upande, yanayouzuia usipinduke. Vyombo vyenye marengu pande mbili vinajulikana sana katika visiwa vya Indonesia, na wataalamu wengi huinasibisha ngalawa yetu na wasafiri waliotoka huko kwa njia ya Madagaska na Komoro. Hiki si chombo cha tajiri. Mlingoti mmoja, foromali moja, tanga moja la pembe tatu, kafi mbili tatu, na kifuu au kopo la kufulia maji. Katika upepo wa wastani hukimbia kuliko mashua. Katika upepo mkali mmoja wa mabaharia hutambaa hadi kwenye rengu la upande wa upepo, akawa yeye ndiye farumi. Mwili wa mtu ndio unaoishikilia ngalawa isilale. Mtepe wa kale, uliotoweka katika karne ya 20, ulikuwa na hekima ya namna nyingine: mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi bila msumari hata mmoja, kwa hiyo ulipopigwa na wimbi au kuparamia mchanga ulinepa badala ya kupasuka. Ila ulivuja, na watu wake walifua maji usiku na mchana.

Tuseme, basi, ni mwezi wa Aprili, na ngalawa moja imetoka na umande ikiwa na watu watatu: nahodha, mwenzake wa makamo, na kijana ambaye ni mpwa wa nahodha. Wamevuka mlango wa mwamba, wametia jarife lao katika maji ya kina, nao wanavua changu kwa mishipi huku wakingoja. Saa nne upepo wakata. Nahodha aacha mshipi na kutazama juu ya nchi kavu, ambako weusi umeinuka na chini yake umekuwa na ukungu mweupe wa mvua. Ndege wa bahari wapita wakielekea ufukoni.

"Mjomba, jarife bado," asema kijana.

Hilo ndilo neno zito kuliko yote yanayoweza kusemwa katika ngalawa ile. Kulivuta jarife ni kazi ya muda mrefu, nao muda haupo. Kuliacha na kukimbilia nyumbani ni kuliacha liende na mkondo. Na kukimbia kwenyewe kuna mashaka, maana upepo watoka huko huko wanakotaka kwenda. Wakitweka, watabisha kwa shida, na pigo litawakuta tanga likiwa juu.

Nahodha mzoefu hatweki. Hushusha tanga na foromali yake, akavifunga pamoja na kuvilaza chini, ili upepo usiwe na cha kushika. Samaki na mawe ya nanga hukusanywa katikati. Akiwa na kamba ndefu huenda akafunga tanga lililokunjwa au kikapu kizito, akakitosa kwa upande wa omo, kikaburuzwa majini na kuilazimisha ngalawa iuelekee upepo. Mmoja hushika kafi kwa tezi, mmoja hufua maji, wa tatu hukaa tayari kwenda kwenye rengu lolote litakaloinuka. Wimbi likija kwa omo ngalawa hulipanda. Likija kwa ubavu huijaza au huvunja rengu, na ngalawa iliyovunjika rengu moja ni mbaya kuliko mtumbwi usiokuwa na marengu kabisa, kwa sababu huvutwa upande mmoja.

Jambo ambalo mgeni halifahamu kwa wepesi ni kwamba wakati huo nyumbani si mahali pa salama. Mwamba unaoilinda pwani siku zote hugeuka kuwa ukuta. Mawimbi yavunjika juu yake, mlango hauonekani kwa mvua, na ngalawa inayoukosa kwa hatua 20 husagwa. Wazee walisisitiza kwamba mtu akae nje katika maji makuu, alowe, atetemeke, angoje. Pigo la namna hii mara nyingi halizidi saa moja. Na ikiwa ngalawa imejaa au imepinduka, amri ilikuwa ni moja: usiiache. Mti wa mwembe hauzami. Aliyeishikilia angeweza kuonwa na chombo kingine siku hiyo au ya pili. Aliyeona ufuko kwa mbali akajiamini kuogelea, mkondo ulimchukua.

Maarifa hayo yote yalikuwapo, nayo yalifundishwa kwa mkono, si kwa maneno, kwa kijana aliyeanza kufua maji akiwa na miaka 9 au 10. Kwa nini basi watu wenye maarifa hayo waliendelea kufa? Wanaoandika juu ya uvuvi hupenda kujibu kwamba bahari haina mwenyewe, au kwamba vyombo vilikuwa duni. Yote mawili ni kweli kwa kiasi chake. Lakini mimi naona kuna swali lingine linalotangulia: mvuvi aliyeiona dhoruba, je, alikuwa na ruhusa ya kurudi?

Turudi kwenye lile jarife. Desturi za mgawo zilitofautiana mahali na mahali, lakini msingi ulikuwa mmoja: chombo kilipata fungu lake, nyavu zikapata fungu lake, na waliovuta wakagawana kilichobaki. Mwenye chombo na nyavu mara nyingi hakuwa amekaa ndani ya ngalawa. Alikuwa nchi kavu, pengine mwenye duka, ambaye pia aliwakopesha wavuvi unga, nguo na mafuta ya taa wakati wa kusi, samaki walipoadimika. Kwa hiyo ulipofika mwezi wa Aprili mvuvi alikuwa akivua ili kulipa alichokwisha kula. Kulikata jarife la mtu mwingine kwa kisu chake mwenyewe kulikuwa na maana ya kuongeza deni ambalo huenda lingemfuata mwaka mzima, au kumfuata mwanawe. Kwa mtumwa wa karne ya 19 jambo lilikuwa zito zaidi, maana hata mwili wake ulikuwa ni mali ya mtu. Twaweza kusema bila kutia chumvi kwamba deni lilikaa ndani ya ngalawa kama mtu wa nne, na kila wingu lilipoinuka lilikuwa na kauli.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 wavuvi wa vijiji vya pwani walihimizwa kujiunga katika ushirika, wawe na vyombo na nyavu kwa pamoja. Vyama vingi havikudumu, na sababu zake zastahili makala yake yenyewe. Hata hivyo yafaa tutambue kwamba wazo hilo liligusa usalama wa mvuvi, ingawa halikuelezwa hivyo. Jarife la wote likipotea, hasara ni ya wote. Nahodha aweza kutoa kisu bila kufikiri atamwambia nini mtu mmoja.

Maarifa ya wazee yalikuwa na mpaka mwingine, usiotokana na deni. Tarehe 15 Aprili 1952, miaka 80 kamili baada ya kimbunga cha Unguja, kimbunga kingine kiliingia kusini mwa Tanganyika na kuharibu vibaya mji wa Lindi. Vimbunga vya kweli ni adimu kwetu kwa sababu ya mahali tulipo. Mzunguko wa dunia ndio unaoupindisha upepo ukafanya duara, na karibu na Ikweta nguvu hiyo ni ndogo mno. Vimbunga vya Bahari ya Hindi ya kusini huelekea zaidi Madagaska, Morisi na Msumbiji. Unguja ipo nyuzi 6 kusini ya Ikweta, Lindi nyuzi 10. Hebu sasa msomaji apige hesabu. Mtu aliyekuwa kijana wa kufua maji mwaka 1872 angekuwa na miaka 90 mwaka 1952. Katika kijiji chote cha wavuvi huenda asiwepo hata mmoja aliyewahi kuliona jambo lile kwa macho yake. Kumbukumbu ya kinywa, iliyokuwa hodari wa mambo yanayorudi kila mwaka, haikuwa na njia ya kulishika jambo linalorudi baada ya miaka 80, na katika mkoa mwingine.

Hapo ndipo kituo cha hali ya hewa kinapomzidi mzee. Kazi hiyo ilifanywa na idara ya pamoja ya Afrika Mashariki hadi Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977. Mwaka uliofuata Tanzania ikaunda idara yake yenyewe, ambayo tangu mwaka 2019 ni Mamlaka ya Hali ya Hewa. Mwanzoni mwa Mei 2024, kimbunga kilichopewa jina la Hidaya kilipoikaribia pwani, kilifuatiliwa kwa setilaiti na taarifa zikatolewa siku kadhaa kabla. Usafiri wa boti kati ya Dar es Salaam na Unguja ukasitishwa, na wavuvi wakaonywa wasitoke. Kiliingia karibu na Mafia tarehe 4 Mei, nguvu zake zikiwa zimepungua. Wavuvi wa mwaka 1872 hawakupata hata saa moja ya namna hiyo.

Lakini tusichanganye mambo mawili. Kimbunga chenye upana wa mamia ya kilomita huonekana kutoka angani kwa siku nyingi. Lile pigo la saa nne asubuhi lililoikuta ngalawa yetu huzaliwa juu ya ghuba moja na kufa kabla ya adhuhuri. Redio yaweza kusema kwamba leo mawingu ya namna hiyo yatazamiwa katika mkoa mzima, haiwezi kumwambia mtu kwamba lake linainuka nyuma ya mgongo wake sasa hivi. Kwa pigo hilo jicho la mvuvi bado ndilo chombo cha kwanza. Na injini ya boti, pamoja na manufaa yake makubwa, imelibadilisha jicho hilo. Mwenye injini hahitaji kujua umande umeamka lini. Hutoka wakati wowote na huenda mbali zaidi. Injini ikizimika kwa maji ya mvua, yuko mbali kuliko baba yake alivyowahi kufika, pengine bila tanga wala kafi za kutosha.

Hali hiyo haikomi kwenye maji ya chumvi. Katika Ziwa Viktoria dhoruba ya ghafla imekuwa na mauaji makubwa kuliko ya pwani, na mpango wake ni wa ajabu. Mchana upepo hutoka ziwani kwenda nchi kavu, na mawingu ya mvua hukua juu ya nchi. Usiku mambo hugeuka, pepo za nchi kavu hushuka kutoka pande zote na kukutana juu ya maji, hivyo dhoruba kubwa za ziwani ni za usiku na za alfajiri. Dagaa nao huvuliwa usiku, tena usiku wa giza usiokuwa na mbalamwezi, kwa kuwavuta kwa taa. Kazi na hatari zimewekwa saa moja. Tena tangu miaka ya 1980, sangara alipozidi ziwani na soko lake kufika Ulaya, watu wengi walihamia visiwani na mialoni kutoka sehemu za bara ambako babu zao hawakuwa wavuvi. Walijifunza kutupa nyavu kwa mwezi mmoja. Mambo mengine hayajifunziki kwa mwezi mmoja, na mitumbwi wanayoipanda mara nyingi ni ya tajiri, kama lilivyokuwa jarife.

Idadi inayotajwa mara nyingi ya wanaokufa maji katika ziwa hilo, nchi zote tatu pamoja, ni kati ya watu 3,000 na 5,000 kwa mwaka. Hayo ni makadirio, wala si hesabu. Mtumbwi usiorudi kwenye mwalo wa mbali hauna ofisi inayouandika, kama ngalawa za mwaka 1872 zilivyokosa mwandishi. Siku hizi taa za karabai zimeanza kuachia nafasi taa za betri, ambazo upepo hauzizimi. Mvuvi wa dagaa hukaa akiinamia duara la mwanga majini, na macho yaliyozoea mwanga huo hayaoni wingu jeusi juu ya usiku mweusi. Radi ikiwa mbali haisikiki kwa sababu ya injini ya jirani. Huijua dhoruba kwa baridi inayompiga shavuni, nyavu zake zikiwa bado zimo majini.